Fomu ya Bwawa la Kumi na Nne

Nilifika na fomu ya kurasa sita,
chupa za sampuli, kipimajoto,
na kisahani cheupe na cheusi cha kuzamisha majini
ili nijue jicho huishia wapi.
Mashariki ya Kolkata, mwezi wa pili,
ukungu ulikuwa haujaamua kuamka.

Khagen Naskar hakuwa na kisahani.
Alichovya kidole, akakilamba,
akatema pembeni kwa adabu,
kama anayeonja chumvi katika mchuzi wa jirani.
"Leo maji yana njaa," akasema.
"Kesho nitafungua lango. Kiasi cha kiganja kimoja."

Lango la mfereji mweusi utokao mjini:
maji ya vyoo, maji ya masufuria,
povu la shati la karani,
maji yaliyoosha mtoto na yaliyoosha maiti.
Mji hujisaidia, hunawa, husahau.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Hapa huzolewa.
Hulazwa juani, kina cha kiuno, wiki tatu,
mpaka harufu ichoke yenyewe.
Mwani hunenepa kwa jua,
rui na katla hunenepa kwa mwani,
na maji yaliyokwisha kusamehewa
huteremka taratibu kwenye majaruba ya mpunga.

Faida za moja kwa moja, iliuliza fomu.
Samaki, niliandika, kwa kilo.
Mboga, kwa mafungu. Ajira, kwa vichwa.
Faida nyinginezo.
Niliandika mpaka mstari ukaisha, nikapanda ukingoni:
mafuriko, joto, mnandi wanne waliokausha mabawa juu ya mti wa wavu,
na yule wa tano aliyekuja nikiwa nimeshajumlisha.
Thamani, kwa rupia.
Hapo kalamu ikawa na kigugumizi.

Shailabala, mkewe, alikuwa amezama hadi mapajani
akipanga magugumaji kando ya tuta
yavunje mawimbi kabla mawimbi hayajavunja udongo.
Nilimsomea swali la ishirini na mbili kama lilivyoandikwa:
Ungelipwa kiasi gani ukubali bwawa hili lisiwepo?
Alicheka, akajipangusa tope shavuni, akaongeza jingine.
"Na wewe, dada,
ungelipwa kiasi gani choo chako kikose pa kwenda?"

Sikujaza.

Mwezi wa nane mvua ilinyesha siku mbili bila kumeza mate.
Mimi hukaa ghorofa ya nne. Nilishuka hadi ya kwanza,
na ngazi iliyofuata ilikuwa chini ya maji.
Kandambili ya mtu ilizunguka, ikagonga mlango, ikaondoka.
Niliyatambua maji yale kwa rangi.
Yalikuwa yetu.
Yalikuwa yamerudi kuuliza njia.

Yalipokauka nilikwenda na fomu ileile.
La kumi na tatu lilikuwepo. La kumi na tano, nusu.
La kumi na nne lilikuwa kifusi:
matofali, sinki lililopasuka, kiatu.
Malori huja usiku, alisema Khagen.
Kwanza humwaga pembeni kidogo,
kama mgeni anayeketi kwenye ncha ya kitanda chako akiomba radhi.
Juu ya kifusi, bango: fleti mia mbili,
kila dirisha linatazama ziwa.
Ziwa gani, halikusema.

Hali ya bwawa: nzuri, wastani, mbaya.
Hapakuwa na kisanduku cha "halipo".
Nilichora kimoja kwa mkono, kimepinda,
nikaweka alama.

Khagen alikuwa amechutama kwenye la kumi na tatu.
Kidole majini, kidole mdomoni.
Safari hii hakutema upesi.
"Yameshiba," akasema, "yameshiba kupita kiasi."
Kisha akainuka akafungua lango hata hivyo,
viganja viwili,
maana mji, akasema,
haujui kujizuia.